Nukta ya Nne na Kuku wa Luena

Kwanza mnyamaze

Mmenichosha. Tangu nirudi, kila anayekuja asubuhi kununua mikate hanunui kwanza, anaanza kuuliza: "Mama Ngoie, ni kweli uligeuka kilumbu?" "Mama Ngoie, ni kweli ulikula kuku ya bantu bure?" Na mimi mafuta yangu yako motoni yanaungua. Basi nimeamua kuandika mara moja tu, kila mtu asomewe, halafu tufanye biashara. Ya tiketi na karatasi za safari siandiki, maana mkisikia mtashindwa kula. Nitajitahidi kuandika Kiswahili cha kitabu kama masista walivyonifundisha, lakini watu nitawaacha waseme kama walivyosema, minyi kwa mimi, bantu kwa watu.

Kwa asiyenijua, mimi ndiye yule mama wa mikate ya mafuta pembeni ya gare ya Kamina, stesheni yetu ya treni, yule mnayemsema kwamba mikate yake haiivi katikati. Nasikia. Macho yaliondoka, masikio yalibaki. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na surua ilinichukua macho nikiwa mdogo kiasi kwamba sikumbuki hata kimoja nilichowahi kuona. Kwa hiyo acheni kunisalimia kwa ile sauti ya msibani.

Nina mashine ya braille, ile ya kuandika maandishi ya nukta tunayosoma sisi kwa vidole. Sista mmoja mzee aliniachia alipokuwa anarudi kwao. Ina vibonye sita, kila kibonye kinainua nukta yake kwenye karatasi nzito, na ukikaribia mwisho wa mstari kengele ndogo inalia: ting. Kwa mashine hiyo nilitaka kupata diplome ya Leta, yaani ya serikali, ile ya kumaliza sekondari. Msiniulize mtu wa umri wangu diplome ni ya nini. Pale shule ya parokia kuna watoto wasioona wanaokaa nyuma ya darasa wakisikiliza tu, hawana wa kuwafundisha kuandika. Mkuu wa shule aliniambia: "Mama, leta diplome, minyi nitakupa darasa." Basi.

Mwaka jana nilijaribu. Mtu aliniandikia insha, nikimtamkia neno kwa neno. Inspekta akaja, akasoma, akasema aliyefanya mtihani ni yule mwandishi, si mimi, akaifuta. Mwaka huu akaniambia mbele ya watu: "Utaandika weye mwenyewe na mukono yako, ao haiko." Nikasema sawa, nina mashine. Na mashine ikasikia, nadhani, kwa sababu mtihani ukiwa umekaribia kabisa kibonye cha nukta ya nne kikafa. Ukikibonyeza hakuna kitu. Nikiandika "mama" inatoka "kaka", na mnajua neno hilo kwa Kifaransa cha watoto ni mavi. Sikuwa na hamu ya kumpelekea Inspekta karatasi nzima ya namna hiyo.

Fundi wa mashine hizo yuko Lubumbashi. Kamina hayupo.

Gare ya Kamina: treni inakuja

Nilisafiri na Ya Kalenga, Ya ndiyo heshima yetu kwa kaka mkubwa. Mnamjua, fundi viatu, mtu anayeshona viatu asivyovaa. Polio ilimchukua miguu, anatembea na ile kinga, baiskeli ya magurudumu matatu anayoizungusha kwa mikono, na mnyororo wake ulikuwa umechakaa. Alitaka mpya kutoka Lubumbashi. Tulikubaliana kwamba yeye ataona na mimi nitasukuma. Mdomo tulikuwa nao wote wawili, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Treni ilikuwa inakuja leo. Kisha ikawa inakuja kesho. Kisha mtu wa gare akasema "inakuya" tu, bila kuongeza kitu, na hapo sisi watoto wa reli tukafungua vyakula, maana tunajua neno hilo lina urefu gani.

Nilikuwa nimekaa juu ya boksi la mashine, nimeshika kikombe changu cha munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi, napumzika. Mtu akapita, akasimama, akahema kwa huruma, akatumbukiza kitu ndani ya kikombe. Nikatia kidole. Noti! Ndani ya munkoyo yangu!

"Weye!" nikapiga kelele. "Minyi hapana mulombaji! Minyi nakunywa!"

Alikuwa ameshakimbia. Kalenga akaivua ile noti kutoka kwenye kikombe, akaitundika kwenye usukani wa kinga yake ikauke.

"Ngoie," akaniambia, "shika kikombe vile vile. Na sura ile ile. Tutafika Lubumbashi na pesa."

Ndani ya wagon ya mizigo

Kinga ya Kalenga haikupita kwenye mlango wa wagon ya abiria. Waliigeuza, wakailaza, wakaitukana, haikupita. Basi tukapelekwa wote kwenye wagon ya mizigo, pamoja na magunia ya unga wa muhogo na mbuzi mmoja aliyekuwa na harufu ya mbuzi wengi. Mimi sikulalamika. Juu ya magunia ni pazuri kuliko juu ya benchi, na mbuzi hakuniuliza nilipofushwa na nani.

Bukama niliijua kwa sauti ya daraja, chuma kinaimba chini yako halafu harufu ya samaki inaingia kabla treni haijasimama. Wauza samaki wakaja mlangoni. Mmoja akamwuliza Kalenga: "Papa, ule mama anakulaka samaki?"

Mimi niko pale pale. Naweza kumgusa.

"Anakulaka samaki," nikajibu mwenyewe. "Na bale banauzishaka samaki pia anakulaka."

Akacheka mpaka akatuongezea kipande. Tulikula na sombe, kisamvu baridi tulichotoka nacho nyumbani, na nikalala usingizi mzito. Baada ya Bukama treni ilishtuka vibaya, kitu kikapasuka juu ya kichwa changu, vumbi likanimwagikia, nikapiga chafya, nikajipangusa kidogo, nikalala tena. Hilo vumbi mlikumbuke. Mimi sikulikumbuka, na ndiyo maana mnanicheka leo.

Luena: kuku

Luena injini ikafa. Wakasema inapoa. Injini zetu zina homa ya kupoa, zikipoa haziamki. Watu wakashuka, na mimi nikashuka, fimbo mbele, boksi la mashine kwenye mkono mwingine, Kalenga na kinga yake nyuma yangu akiteremshwa na vijana wanne wanaolalamika.

Gare ilikuwa na kelele za kawaida, wauza ndizi, watoto, redio. Nilipopiga hatua chache, kelele zikapungua. Nikapiga tena, zikaisha kabisa. Halafu yakaanza makofi, polepole, ya mikono mingi.

Sasa nieleze kwa wasio wa kwetu. Sisi Waluba tukimsalimia mkubwa tunapiga makofi taratibu, na tukimheshimu kweli tunayapiga tukiwa tumepiga magoti. Mimi magoti siyaoni, lakini nasikia makofi yanatoka wapi: kifuani, kiunoni au chini. Makofi ya Luena yalitoka karibu kabisa na udongo. Na sauti za akina mama zikasema pamoja: "Eyo, Vidye!" Hilo ni jibu linalotolewa kwa wakubwa, kwa machifu, kwa wenye mizimu. Mimi tangu nizaliwe nimeitwa "weye wa mikate".

"Ya Kalenga," nikanong'ona, "bantu ba Luena iko na heshima sana."

"Sana," akasema. Sauti yake ilikuwa imebanwa kidogo, nikadhani ni vumbi.

Wakanikalisha kwenye kiti, si benchi, kiti chenye kitenge kipya, nilikigusa, bado kilikuwa na ugumu wa dukani. Maji ya kunawa yakaja. Bukari ya moto, ugali wetu, ikaja. Kisha kuku mzima, na mtu akanitia mkononi kipande kidogo kigumu. Firigisi! Wenzangu, nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya baba, na baba alipokufa ikawa ya kaka zangu. Sikuwahi hata kuuliza ina ladha gani. Niliitafuna taratibu nikisema moyoni, kumbe dunia ina mji unaojua kumheshimu mtu asiyeona, na mji huo ni Luena, na hakuna aliyetuambia. Nikawasifu kwa sauti. Nikawaambia Kamina waje wajifunze. Kila nikisema kitu wanapiga makofi. Kalenga alikuwa anakula paja bila kusema neno, jambo ambalo lingepaswa kunishtua.

Nilipomaliza kunawa, mama mmoja akasogea karibu sana. Alikuwa na sauti changa, yenye kukauka. Jina lake Mbuyu, na kuku alikuwa wake.

"Mama," akasema, "tunaomba utusomee na ile kintu yako."

Nikafurahi. Mtu amevutiwa na braille! Nikafungua boksi, nikatoa karatasi zangu za mazoezi, nikaweka vidole, nikasoma kwa sauti ile ya masista. Ilikuwa insha ya Kifaransa juu ya faida za njia ya reli. *Le chemin de fer*, nikasema, *est un facteur de développement*, yaani reli inaleta maendeleo. Wakavuta pumzi wote pamoja. Nikaendelea. Nikasoma habari za mizigo, habari za madini, habari za kilimo. Mtu nyuma akasema "Ayooo." Sijawahi kupata wasikilizaji kama wale, na insha yenyewe ilikuwa mbaya.

Nilipofika mwisho, Mbuyu akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Basi, Mama, inasema nini? Bwana yangu atarudia?"

"Bwana yako gani?"

"Ule alienda kuchimba, kule Kolwezi. Telefone yake haiingie tena. Ile karatasi inasema atarudia?"

Nyuma yangu nikasikia mlio wa mtu anayesongwa na mfupa. Alikuwa Kalenga, anacheka kwa pua.

"Ngoie," akasema alipoweza, "uso yako iko mweupe pe. Na kichwa. Na mikono mpaka huku."

Nikajigusa shavu. Unga wa muhogo, umeganda kwa jasho kama plasta. Nimeshuka kwenye wagon ya mizigo, kipofu, nimejaa weupe, nimebeba boksi, naongea na vidole. Na kwetu mtu mwenye weupe usoni ni kilumbu, mtabiri, yule anayejipaka pemba, udongo mweupe, ili mizimu iseme kupitia kwake, umwulize aliyepotea yuko wapi.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Kuku ilikuwa haiyaiva bado."

Mungu anisamehe maneno niliyomwambia, na ninyi msiyaulize, watoto watasomewa hii. Lakini Mbuyu alikuwa bado ameshika mkono wangu. Ningeweza kusema ndiyo, atarudi, mwezi ukiandama, neno lolote. Kalenga alinifinya mgongoni, najua alitaka niseme hivyo, maana tulikuwa tumeshakula. Nikashindwa.

"Mama Mbuyu," nikamwambia, "minyi hapana kilumbu. Minyi niko muuza mikate ya Kamina. Huyu ni unga ya mihogo. Na ile nilisoma iko maneno ya treni tu. Bwana yako, minyi siyui kama atarudia. Siyui kabisa."

Mama mmoja mzee akaanza kucheka, akamwambukiza wa pili, na gare nzima ikaanguka. Wakanimwagia maji usoni, wakinipangusa kwa kanga zao wakilia kwa kicheko. Mbuyu hakucheka. Aliachia mkono wangu, akakusanya sahani, nikasikia ndala zake zikienda.

Treni haikuondoka siku ile. Kesho yake nikaomba jiko, mafuta na unga wa ngano, nikawakaangia akina mama wale mikate mpaka unga ukaisha, kulipia yule kuku. Wakasema haiivi katikati. Mbuyu hakuja.

Lubumbashi: fundi

Kutoka Luena mpaka Lubumbashi nitaruka. Tenke tulisimama, Likasi tulisimama, na mahali pasipo na jina tulisimama zaidi ya kote. Mahali fulani askari mmoja alitaka kujua boksi ni la nini, akabonyeza vibonye vyote mara moja, kengele ikalia, akaruka nyuma. Kalenga akamwambia ni mashine ya kuhesabu waongo. Tukaachwa.

Lubumbashi mwezi ule ina baridi ya kuingia kwenye mifupa, na pikipiki zinapita juu ya vidole vyako. Tukauliza, tukapotezwa, tukauliza tena, mpaka tukaifikia karakana ndogo wanakotengeneza vifaa vya walemavu, fimbo, magongo, mashine kama yangu. Kijana mlangoni akatwambia fundi yuko ndani, anaitwa Papa Numbi, halafu akaenda zake. Angeweza kuongeza neno moja la maana sana, hakuliongeza.

Nikaingia, nikasalimia. Kimya. Nikasalimia kwa adabu zaidi. Kimya. Nikasikia kitu kinavuma upande wa kulia, nikajua yuko huko, nikageuka nikamweleza yote: sista, nukta ya nne, Inspekta, watoto wa parokia. Nilieleza vizuri, kwa uchungu. Hakujibu hata "mm".

"Ya Kalenga, huyu papa iko na kiburi," nikasema.

"Ngoie, unasemesha ventilateur. Papa iko huku kushoto. Na iko anaonyesha masikio yake. Hasikie."

Jamani! Mwanamke asiyeona ametoka Kamina kuja kuongea na mwanaume asiyesikia! Papa Numbi anaelewa kwa kutazama midomo, na midomo yangu ilikuwa inaitazama feni ya kufukuza moshi wa karakana. Yeye naye anajibu kwa kuandika kwenye ubao mdogo, na ubao siuoni. Akabaki Kalenga kuwa katikati yetu, na Kalenga anasoma neno moja, anapumzika, anasoma la pili.

"Anaandika: ma… mashi… mashine. Ya. Nani."

"Yangu! Ya nani tena!"

"Usimupigie kelele, hasikie."

"Nakupigia weye!"

Basi Papa Numbi akafanya kitu. Akanishika kidevu kwa vidole viwili, polepole, akakigeuza upande wake. Nikaanza upya, na safari hii nilihisi anasikiliza. Sijui nielezeje, mtu akikutazama mdomo kwa makini hivyo unaanza kusema maneno vizuri. Nilipomaliza akagonga meza mara moja. Nikaelewa ni sawa.

Nikasikia bisibisi, nikasikia sahani ya chini ikitoka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, kwa sababu kama akigonga kusema haitengenezeki basi ni mwaka mwingine, na mwaka mwingine baada ya huo, na wale watoto watakua wakubwa wakiwa wanasikiliza tu.

Akachukua kidole changu cha shahada, akakiingiza ndani ya tumbo la mashine, chini ya kibonye cha nne. Kulikuwa na kitu. Kidogo, kigumu kama kokoto, kimeshikilia mkono wa chuma usipande. Akanipa ncha ya bisibisi, nikakichokoa mwenyewe. Nikakiviringisha kwenye vidole. Nikakinusa. Nikakiweka kwenye ulimi.

"Nini?" akauliza Kalenga.

Nikakirudisha kwenye ulimi, nihakikishe.

"Ngoie, iko nini?"

"Mukate," nikasema.

Nilikuwa nafanya mazoezi ya insha nikisubiri mafuta yachemke, na mikono yenye unga uliokandwa. Donge moja liliingia, likakauka. Nimepanda treni, nimegeuzwa kilumbu, nimekula kuku wa mwanamke mwenye huzuni, nimevuka Katanga nzima kuja kutoa kipande cha mkate wangu mwenyewe. Kalenga alianguka kutoka kwenye kinga yake kwa kicheko, na mnajua kwamba hawezi kujiinua. Sikumwinua.

Papa Numbi akaandika. Kalenga akasoma kutoka sakafuni: "Mwambie. Mama. Anawe. Mikono."

Na hapo Papa Numbi mwenyewe akacheka, kicheko kikubwa kisicho na mpango, cha mtu ambaye hajawahi kukisikia. Nami nikacheka, kisha nikalia. Akaisafisha mashine yote ikatoka unga wa muhogo, akabadilisha pia springi iliyochoka, akaniwekea karatasi. Nikaandika "mama". Nikapitisha kidole. Ilitoka mama.

Kurudi: kwa huruma ya Luena

Mtihani wa insha ulikuwa Jumatatu. Tulipanda treni tukiwa na siku za kutosha, na treni ikazila zote, moja moja, bila haraka. Jumamosi tukafika Luena, na injini, kwa mapenzi yake na mji ule, ikafa palepale. Wakasema inapoa.

Nilikaa juu ya boksi langu kwenye kokoto za reli, nikakata tamaa. Nasema wazi. Mashine nzima miguuni, Kamina iko mbele tu, na mimi nimefungwa na injini. Kalenga, ambaye bei ya mnyororo mpya alionunua Lubumbashi ilimtia adabu, hakufanya mzaha hata mmoja, na hilo likanitisha zaidi.

Makofi yakaanza. Kutoka chini kabisa.

"Eyo, Vidye wa mikate!"

Wale akina mama, wanakufa kwa kicheko. Habari ikazunguka gare kwamba kilumbu wa unga amekwama na mtihani ni Jumatatu. Kila mmoja akatoa shauri, pikipiki, lori, kutembea. Kisha nikasikia ndala ninazozijua.

"Ndugu yangu anatumika ku njia ya reli," akasema Mbuyu. "Kesho asubuhi banapanda na draisine kuangalia njia mpaka Kamina. Nilishamwambia."

Draisine ni kile kigari kidogo cha mafundi wa reli, injini yake ya kukohoa, hakina kuta. Nikamshika mkono.

"Mama Mbuyu, minyi nilikula kuku yako bure. Juu ya nini unanisaidia?"

Akakaa kando yangu kwenye kokoto.

"Bilumbu bengine bote balikula kuku," akasema. "Bote balisema atarudia. Minyi nilikuwa nawasha moto kila magaribi, napika ya bantu babili. Weye tu njo ulisema hauyui. Ile siku nililia, kisha nikapika ya muntu moya, nikalala. Nilikuwa sijalala zamani."

Nikamwuliza kama telefone imeingia. Akasema haijaingia.

Draisine sitaisahau. Kinga ya Kalenga waliifunga kwa kamba juu, na Kalenga juu ya kinga, kama chifu. Mimi nilikumbatia mashine ndani ya kitenge, upepo unaniingia mdomoni, harufu ya majani yaliyochomwa, daraja la Bukama likiimba karibu kabisa na matako yangu. Jina la ndugu yake Mbuyu sisemi, ana wakubwa wake.

Darasani

Jumatatu nilinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Nikaketi mbele, mashine mezani, nikaanza. Nilifika mwisho wa mstari wa kwanza. Ting. Mstari wa pili. Ting. Viatu vya Inspekta vikaja, navijua, Kalenga ndiye anayevishona.

"Mama, ile kengele inasumbua benzako. Utaitosha, ao utatoka."

"Haitoke, Bwana Inspekta. Iko ndani ya mashine."

"Basi utatoka."

Nilikuwa nimefika mpaka pale, mpaka kwenye kiti kile, na ting ndiyo initoe! Kisha nikakumbuka mfukoni nina mkate, wa kula baadaye. Nikaukata. Mnavyosema ni kweli, haiivi katikati. Nikamega ule unga mbichi wa ndani, nikapapasa mpaka nikakipata kikombe cha kengele, nikakifunika chote, nikaandika mpaka mwisho wa mstari. Ikalia *tk*, kama mtu anayemeza.

"Sasa, Bwana?"

Viatu vikarudi nyuma.

Nikaandika. Bila kengele nilihesabu mwisho wa mstari kwa kidole cha kushoto, taratibu, na kila nilipoandika m nilisimama kuigusa, na kila mara nukta ya nne ilikuwepo. Sista wa parokia atawasomea wasahihishaji mbele ya macho yao wenyewe, majibu yatatoka yatakapotoka, na nikifeli mtajua kwa sababu mikate itapanda bei.

Nilipofika mstari wa mwisho niliupanga uwe mrefu makusudi. Nikabandua ule unga, nikaula, nikaandika maneno yaliyobaki. Ting! Darasa zima likainua vichwa, nilisikia viti.

"Mama!" Inspekta akasema. "Ile kelele tena iko ya nini?"

"Iko ya mwisho, Bwana," nikamwambia. "Nilishamaliza. Nimeandika minyi mwenyewe, na mukono yangu."